Fomu ya Sajini Apolinari

Kata wameniletea fomu, wanataka ijae kabla ya Ijumaa:
jina, namba ya jeshi, cheo, vita alivyopigana,
na mwishoni kamstari kafupi kama kidole,
Mchango wake kwa jamii.

Jina nimeliandika. Apolinari Tesha, wa hapa Uru,
kihamba cha chini, pale njia inapokatisha mfongo.
Namba ya jeshi aliitamka bila kufikiri,
kama mtu anayetaja jina la mamaye.
Cheo: sajini. Vita: Kagera.
Hapo peni yangu ikasimama.

Nilikuwa darasa la tatu aliporudi.
Tulikimbilia barabarani tukidhani tutaona bunduki.
Tuliona mtu mwembamba, begi la kijani,
sufuria moja lisilo na mkono.
Akatusalimu kila mmoja kwa jina la baba yake
hadi akafika kwa mama yake Adrian Mushi,
akavua kofia, akaingia, akafunga mlango.
Waliondoka pamoja, lori moja, bao moja la kukalia.
Aliyosema mle ndani hatukuyajua.
Tulichojua ni kwamba kesho yake alfajiri
alikuwa akimkatia yule mama majani ya ng'ombe,
na keshokutwa, na miaka kumi na tisa,
mpaka siku tuliyomzika bibi,
naye akashika kamba upande wa kichwa,
mahali pa mwana wa kwanza.

Hiyo niiandike wapi?

Watoto wa shule humuuliza:
Babu, uliua wangapi?
Yeye alikuwa wa kikosi cha madaraja, mtu wa mbao na kamba.
"Niulizeni nilivusha wangapi," huwajibu,
kisha huwafukuza wasikanyage mbegu za maharage.

Masika yale yaliyoondoka na banio letu
wanaume walikaa kikao siku tatu
wakimtafuta wa kulaumiwa.
Siku ya nne tukamkuta yuko majini hadi kiunoni,
magogo ya mringaringa yamelala kama alivyoyapanga,
kila fundo limekazwa kwa mkono na kwa meno.
Hakutuita. Hakutuangalia hata.
Wazee wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine
wakaenda kuchukua majembe.
Maji unayoyasikia nyuma ya ofisi hii
yanapita kwenye mafundo yale.

Msidhani namsifia malaika. Ni mkali, na ana kisirani.
Baba yangu aliiba maji usiku, zamu ya mjane Ediltruda;
akamtoza debe zima la mbege,
kisha akaja jioni wakalinywa wote wawili
bila kusemeshana, hadi likaisha.
Na usiku wa mwaka mpya, fataki zinapolia kule mjini Moshi,
usimtafute nyumbani.
Yuko zizini, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa,
kiganja chake mgongoni mwa ng'ombe,
wanasubiri kupambazuke.

Jana nikampelekea fomu aisome mwenyewe.
Akavaa miwani, mguu mmoja umefungwa kwa uzi mweusi,
akasoma mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza.
Nikamwambia, Mzee, siku ya Mashujaa watakuita mbele,
watasoma haya kwenye kipaza sauti.
Akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe.
"Na ya Adrian iko wapi?"

Sikuwa nayo. Hakuna aliyenipa.
Nikafungua peni, nikaandika pale pale kwenye weupe:
jina, Adrian Mushi; cheo, askari; vita, Kagera.
Nilipofika kwenye namba ya jeshi nikainua macho kwake,
naye akaitamka
bila kufikiri.